Baba na Maua ya Ukutani

Mchana maua yale hayakuwa na harufu. Yalingoja jua lizame nyuma ya mawe ya mtaa wetu wa Igogo, ndipo harufu yake tamu ilipoenea uani na kuchanganyika na moshi wa mkaa na dagaa wa kukaanga wa jirani. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alipewa kipande cha mmea ule na mteja wake wa Kihindi. Jina la mmea hatukulijua, hivyo tukayaita maua ya asali, kwa sababu sisi watoto tuliyachuma na kunyonya tone moja la utamu kwenye kikonyo. Yalichanua meupe, na siku ya pili yakawa ya manjano. Kwa miaka miwili mmea ulitambaa ulivyotaka chini ya ukuta, na hakuna aliyeusumbua.

Nilikuwa darasa la tano Baba aliporudishwa nyumbani. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, na meli ilifungwa bandarini kwa matengenezo. Waliambiwa wasubiri wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Baba hakuwa amewahi kukaa nyumbani zaidi ya siku tatu mfululizo, na kwa kweli hakujua kukaa kunafanywaje. Asubuhi alipanda jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya nyumba ili aione meli yake kwa mbali. Akashuka, akanywa chai amesimama, akapanda tena. Alikaza bawaba za milango yote. Alipomaliza vitu vibovu, akahamia kwenye vizima. Redio yetu ilikuwa ikisema vizuri kabisa. Alipoifungua na kuifunga, haikusema tena. Nasi tukaambukizwa. Tukisikia hatua zake uani, tulishika ufagio hata kama uwanja ulikuwa umefagiliwa muda huo huo.

Jumamosi moja zamu ya mmea ikafika. "Unalala chini kama mlevi," akasema, akaleta mirunda ya kuusimamishia, waya na kamba za meli. Mimi ndiye niliyemshikia. "Kaza hapo, Kabula. Usilegeze." Alifunga kama anayefunga shehena kabla ya dhoruba. Wiki haikwisha majani yakaanza kunyauka, naye akaamua kwamba mirunda ndiyo mifupi. Akabomoa, akajenga upya, juu zaidi. Mama alimwambia, "Haraka haraka haina baraka, Baba Kabula." Baba akamjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali hizo mbili zilipita juu ya sahani zetu za ugali kila siku, mpaka mdogo wangu akawa anazitamka kabla yao.

Alipojenga mara ya tatu, shina moja kati ya yale mawili makubwa lilivunjika mikononi mwangu. Nililisikia. Baba hakunigombeza. Alilifunga kwa utepe wa umeme, akaliangalia, kisha akaingia ndani. Wiki hiyo hiyo rafiki yake alimpigia simu kutoka Kigoma: huko meli zilikuwa zikitafuta mafundi. Nikamwona akikunja nguo, akizikunjua, akizikunja tena. Cherehani ya Mama ilisimama katikati ya mshono. Sijui nani alinitia wazo lile kichwani, lakini niliamini kwamba mmea ukifa, Baba ataondoka na hatarudi. Kabla ya shule nilikuwa nikiumwagilia, na nikirudi naumwagilia tena, mpaka udongo ukawa tope.

Siku moja nikarudi mchana, nikamkuta Mama amesimama juu ya stuli mbele ya ukuta. Waya zote zilikuwa chini, zimekatwa. Alikuwa akiufunga mmea upya kwa vipande vya kitambaa cha buluu, kila fundo likiwa limelegezwa, shina likipumua ndani yake. Nilikitambua kitambaa kile. Ilikuwa ovaroli ya Baba, ile moja aliyokuwa nayo.

Baba akashuka kutoka kwenye jiwe. Akasimama. "Hiyo ni nguo yangu ya kazi?"

Mama hakugeuka. "Ilikuwa."

Nilifumba macho nikingoja kelele. Nilipoyafumbua, Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono katikati ya magoti. Alikaa hivyo hadi kivuli cha ukuta kikamfikia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Unaacha nafasi kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Akainuka, akachukua vipande vilivyobaki, akaanza upande wa pili.

Kigoma hakwenda. Meli yake nayo haikurudi majini. Mwishowe ilikatwakatwa, ikauzwa chuma chakavu. Baba akaanza kutengeneza pampu za wakulima wa mboga wa kando ya ziwa, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha. Shina lililovunjika lilikauka. Lile jingine lilifika kwenye bati mvua za mwaka ule zilipokwisha.

Leo naishi Kiseke, upande mwingine wa mji, na ukuta wetu hauna mmea wowote. Mwaka huu mkataba wangu wa kazi uliisha na haukuongezwa. Baba, enzi zake, mtaa mzima ulimwona akihangaika. Mimi nilihangaika kimyakimya, simu mkononi, nikifungua ujumbe ambao haujaingia. Wiki tatu niliaga asubuhi nimevaa nguo za ofisini kana kwamba nakwenda kazini, na mume wangu aliporudi jioni alinikuta nikihamisha vyombo kutoka kabati hili kwenda lile.

Jumapili nikaenda kwa Mama. Nikamuuliza kama siku ile ya ovaroli alikuwa amepanga.

"Nipange nini?" akacheka. "Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nilitaka akose nguo ya kuondokea. Habari ya mmea niliikumbuka baadaye, mkasi uko mkononi." Akanitazama. "Mbona umekonda?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

"Mumeo anajua?"

Nikatikisa kichwa.

"Chai utakunywa siku nyingine," akasema, akanishikisha mkoba wangu. "Nenda."

Nilimkuta mume wangu akiosha baiskeli ya mtoto mbele ya geti. Nikachuchumaa kando yake, nikashika tambara la pili, nikaanza kusema.