Shofere wa Kiti cha Pili

Zamani hizo, kabla barabara ya Kasindi haijawa barabara ya kusindikizwa na askari, gari la Djuma lilijulikana kwa honi kabla halijaonekana. Lilikuwa Fuso la buluu lililochoka kwa mizigo, na honi yake ilikohoa kwanza ndipo ikalia. Akina mama wa Lume wakiisikia tu, walisema, "Djuma anakuya, weka maji ku moto." Akifika, chai inachemka na ndizi za kukaanga ziko tayari kwenye sinia.

Djuma alizaliwa Beni, katika familia ya Waislamu wenye kuishi kwa usafirishaji. Alipakia chumvi, sabuni na vitenge mpakani Kasindi, akapita Beni, akapanda milima ya Kabasha mpaka Butembo, kisha akarudi na maharagwe na viazi. Mwenzake wa njiani alikuwa Kadogo, na jina hilo lilimdanganya kila mtu, maana Kadogo alikuwa pande la mtu, Mkatoliki wa Vuhovi, fundi wa injini. Kwenye mipando mikali aliimba kwa Kinande, lugha ya kwao, akidai kwamba injini ikisikia wimbo haichemki. Mwezi wa Ramadani ukiingia, Kadogo naye hakula mchana. "Nitakula namna gani mbele ya mutu mwenye njaa?" alisema. Na Noeli ikifika, Djuma alikuwa wa kwanza kubisha hodi Vuhovi, mbuzi begani. Hivyo ndivyo walivyoota mvi pamoja ndani ya kabini ile, wakigombana juu ya redio, wakisimama asubuhi zenye hewa safi kutazama Ruwenzori ikivua mawingu.

Kisha nyakati zikageuka. Watu walianza kuuawa mashambani, halafu na barabarani. Magari yakawa yanatembea kwa msafara, askari mbele na nyuma. Siku moja, mchana kweupe, kati ya Bulongo na Beni, risasi zililia. Djuma na Kadogo waliruka, kila mmoja upande wake. Djuma alilala kifudifudi katika shamba la kakao mpaka askari walipomwita kwa sauti. Kadogo aliitwa naye. Hakuitika.

Fuso liliteketea. Baada ya mazishi kule Vuhovi, mwenye magari aliyewaajiri alimpa Djuma gari lingine, na Djuma alilipokea kwa shukrani, kwani kazi ni kazi. Lakini alipofika kwenye kizuizi cha kutokea mjini, mguu wake wa kushoto ulianza kutetemeka hata ukashindwa kukanyaga. Magari ya nyuma yakapiga honi. Jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Shofere mwingine akaja, akamsogeza, akashika usukani. Kufika kesho yake, pale parking ya Beni, kituo cha malori, walikuwa wamekwisha kumpa jina la kumcheka: Mama Shofere.

Akabaki nyumbani. Mlango ukibamizwa na upepo, anajikuta chini ya meza. Alikonda. Akaacha hata kwenda kukaa na wanaume wenzake baada ya sala. Mkewe Rachida, mwanamke asiyelia hovyo, alimwambia dada yake, "Huyu bwana nilipewa na barabara. Sasa barabara imenirudishia nusu."

Alimpeleka Butembo, kwa huyo dada yake aliyekaa mtaa wa Mususa, mbali kidogo na milio ya risasi. Imamu wa pale alimsomea, na Djuma akatulia, lakini utulivu ule haukukaa. Ndipo imamu mwenyewe akamwambia Rachida, "Dua tunaendelea nayo, mama. Lakini umupeleke na ku kituo ya afya." Kule muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba hofu inayokataa kutoka mwilini ni ugonjwa kama magonjwa mengine, akampa dawa, akamwelekeza pia kwa watu waliokutana kila Jumamosi katika chumba cha paroki. Watu hao, alisema, wote wameupitia.

Aliyewakusanya aliitwa Godelive. Zamani aliuza vitenge. Kaka zake walipouawa, akili ilimhama; alizunguka Butembo bila viatu, na watoto wakamtupia mawe. Alipopona, hakutaka kusahau barabara alizozungukia. Aliwatafuta wengine.

"Siye hapa hapana kukamuaka mutu maneno sawa na limao," alimwambia Djuma siku ya kwanza. "Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Chai iko."

Djuma alikunywa chai Jumamosi nyingi, macho chini, akiwasikiliza wengine: mama aliyekimbia kutoka Mabalako, mwalimu aliyeogopa darasa lake mwenyewe. Mpaka siku ile Godelive alipoweka kikombe chini, akamtazama sana.

"Papa Djuma, ni weye ulikuwaka na ile Fuso ya buluu? Yenye ilikuwa inakohoa?"

Djuma akainua kichwa.

"Mimi nilipandaka juu ya mizigo yako na vitenge vyangu. Mvua ikatukuta pale Kabasha. Ule fundi yako, ule mukubwa, akanivulia koti yake. Kisha akaimba mupaka Butembo. Haki, alikuwa anaimba mubaya!"

"Alikuwa anaimba muzuri!" Djuma alijibu kwa ukali. "Ni masikio yako ndiyo ilikuwa imejaa maji!"

Chumba kizima kikacheka. Naye Djuma akacheka, kisha kicheko kikageuka katikati, akaanza kulia, na huku analia akawa anasimulia. Alisimulia jinsi Kadogo alivyotia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Jinsi alivyoamkia kila mbuzi wa barabarani kwa heshima, "Wavukire, muzee." Tangu mazishi, kila mtu alikuwa amemwuliza Kadogo alikufa namna gani. Hakuna aliyemwuliza aliishi namna gani.

Siku ile alirudi Mususa kwa miguu, akala bugali yote aliyowekewa. Rachida aliangalia sahani ile tupu, akaiondoa.

Usingizi ulipoanza kurudi, wakarudi Beni. Djuma alifungua kibanda cha vipuri karibu na parking, na jioni, baada ya alasiri, mashofere wawili watatu wakawa wanabaki kwake kuzungumza. Godelive alikuja kutoka Butembo mara kwa mara kuwasaidia kuanza. Mmoja wao alikuwa Zacharie, baba mwenye watoto wadogo, aliyetoka kwenye shambulio na ambaye mwenye gari alitaka kumwondoa kwa sababu aliomba kupumzika kwanza. Hata jina walikuwa wamemwandalia lile lile.

Jina lile ndilo lililomwinua Djuma. Alimchukua Godelive, wakaenda kwa Muzee Lusenge, mkubwa wa mashofere pale parking, aliyesikilizwa pia na wenye magari.

Lusenge aliwapa viti. "Lakini Djuma," alisema, "shofere yenye kuogopa barabara ni shofere gani? Wenye magari banataka mizigo ifike."

"Muzee," Djuma akajibu, "tairi ikipasuka, unatupilia mbali gari nzima? Unaita fundi. Zacharie hapana kukataa kazi. Anaomba muda kidogo, na mutu wa kukaa naye kando siku ya kurudilia."

"Na lile jina, Mama Shofere, mulikomeshe," Godelive akaongeza. "Mimi ni mama. Ile barabara nimeitembea na mizigo ku mugongo, na hakuna askari alinisindikiza."

Lusenge alijikuna kidevu, akatazama nje. Alisema ataongea na wenzake. Aliongea kweli. Baadhi ya wenye magari walikataa katakata. Wengine wakakubali kwamba shofere aliyetoka kwenye shambulio apumzike bila kunyang'anywa gari, na safari yake ya kwanza asiende peke yake.

"Basi nani atakubali kukaa kiti cha pili?" Lusenge aliuliza. "Hii kazi bado haina mutu."

Djuma alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, "Ni mimi."

Waliondoka asubuhi ndani ya msafara, Zacharie kwenye usukani, Djuma kando. Walipokaribia yale mashamba ya kakao, pumzi ya Zacharie ikawa fupi, gari likaanza kupungua mwendo. Djuma naye aliyaona majani yale yale aliyolala ndani yake. Akashika kiti kwa mikono yote miwili.

"Usiangalie majani," alisema. "Angalia tairi ya gari ya mbele. Jana muke wako alipika nini?"

"Sombe."

"Na nini?"

"Na makayabo."

"Samaki ya kulowekwa muzuri, ao ile ya chumvi ya kuua mutu?"

"Ya kuua mutu," Zacharie alisema, na mdomo wake ukajaribu kucheka. Akabadilisha gia. Mashamba yakabaki nyuma.

Kule Lume, msafara ulisimama kidogo. Djuma alishuka, akatafuta kwa macho mahali pa wale akina mama wa chai. Mabenchi hayakuwapo, majani yalikuwa yameota, na mama mmoja tu, ambaye hakumjua, aliuza maji ya chupa. Akamwita Zacharie, akamwonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na jiko, pale sinia, na pale fundi mmoja alikuwa analala kivulini, kofia usoni, mpaka umwite mara tatu. Zacharie alisikiliza mpaka askari wakapiga filimbi.

Baadaye wengine nao walikaa kiti cha pili, Zacharie akiwa mmoja wao. Imamu wa Beni anawataja Ijumaa, na padri Jumapili, ili mwenye shida ajue pa kwenda. Jioni moja Lusenge mwenyewe aliingia kibandani, akakaa karibu na mlango, akapokea chai, na hakuna aliyemwuliza kitu. Bado kuna magari yasiyorudi, na wapo mashofere waliofukuzwa kwa kuogopa.

Djuma hakushika usukani tena. Juzi, Rachida akiwa anachambua maharagwe, alimwuliza kama bado anaitamani barabara.

"Ile yetu, ndiyo. Kila siku," Djuma akasema. "Hii ya leo, hapana."

Akavuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kutoa mawe kwenye maharagwe.