Ukurasa wa Tisa

Verla Haugsdal hakuwa msomaji wa vitabu. Shule aliiacha darasa la saba, huko North Dakota, mama yake alipougua na ng'ombe wakakosa mikono ya kuwakamua. Lakini kitabu kimoja alikijua neno kwa neno, maana kilitoka kinywani mwake.

Kilikuwa kijitabu chembamba chenye jalada la buluu, na juu yake picha ya mwanamume amesimama mbele ya gari-nyumba, mikono kiunoni, kofia kaiinamisha upande. Mwanamume huyo ni Marlin, aliyekuwa mumewe kwa miaka ishirini na miwili. Walizunguka pamoja, kiangazi kaskazini, majira ya baridi jangwani Arizona, kama wafanyavyo wazee wote wanaoikimbia theluji. Marlin alikuwa akikaa mezani na kalamu, Verla akiosha vyombo.

"Hebu rudia, ulisema nini juu ya tairi?"

"Tairi la gari-nyumba haliuawi na mwendo, linauawa na jua. Usiangalie kama lina kipara. Soma mwaka uliochapwa ubavuni. Likishapita miaka saba, hata likiwa na sura ya bwana harusi, litoe."

Marlin anaandika. Verla alidhani anaandika asisahau. Kitabu kilipotoka, jina juu ya jalada lilikuwa moja tu, na kabla mwezi haujaisha Marlin alikuwa Florida, kwa mwanamke aliyekichapisha. Verla akaachiwa gari-nyumba lenye paa linalovuja kama chujio na giaboksi inayokohoa. Paa alilipanda mwenyewe, akakwangua gundi kuukuu kuzunguka kila kitundu, akapaka mpya, na tangu siku hiyo halijaingia tone. Kuhusu giaboksi hakuwa na la kufanya. Kila majira ya baridi ilimfikisha kambi ya magari-nyumba ya Bi Ruthanne Pickrell, maili kumi na moja kutoka mto Colorado, lakini safari hii Verla alijua kwamba mlima mwingine haitaupanda.

Huo ulikuwa msimu wake wa sita pale. Watu walimwita koki ikikwama, friji ikigoma, ngazi ikikataa kukunjika. Hakuwatoza. Walimletea mikate ya tufaha na maharage ya pilipili, wakamsifu, kisha wakarudi kwenye magari yao kusoma kitabu cha Marlin. Mara moja tu aliwahi kusema kwamba maneno yale ni yake. Walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwanamke aliyeachwa anaposema lolote kuhusu aliyemwacha. Hakulisema tena.

Sasa mzee Delbert, aliyekuwa akipokea wageni kambini, alikuwa amehamia kwa binti yake Oregon, na nafasi yake ilikuwa wazi. Aliyeishika alikaa kiwanja namba moja kando ya lango, na maji, na umeme, na kivuli cha bati, mwaka mzima. Wengine wote Aprili ikifika lazima waondoke. Verla aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Aondoke aende wapi, na giaboksi ile?

Bi Ruthanne, mwenye kambi, mjane mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alisema atachagua Jumamosi, baada ya chapati za maji za asubuhi. Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Orville Teske, mwalimu mstaafu kutoka Minnesota, mtu safi, mwenye adabu, na kitabu cha buluu mfukoni mwa shati.

"Friji ya gesi haipendi kulala upande, Bi Verla," alimwambia Alhamisi asubuhi, wakinywa kahawa mbele ya ofisi. "Gari likiinama, friji inajipika yenyewe ndani kwa ndani. Ukurasa wa kumi na sita."

"Ndivyo?"

"Ndivyo! Na huhitaji mtambo kujua. Weka bakuli la maji mezani, litakuambia."

Verla alitazama kikombe chake. Bakuli hilo alikuwa nalo mpaka leo. Asubuhi hiyo alikula uji ndani yake.

"Na vile vyumba vya ubavuni, vya kusukumwa nje gari likisimama?" akauliza.

"Kwanza sawazisha gari, ndipo usukume chumba nje. Ukifanya kinyume, fremu inajipinda na chumba hakirudi. Ukurasa wa kumi na moja. Nikuazime? Kina picha nyingi."

"Asante, Mwalimu. Picha zenyewe nilizipiga mimi."

Orville akacheka, akidhani ni utani.

Saa nne gari-nyumba kubwa jipya liliingia langoni. Wenyewe walikuwa Fernand na Solange Gaudet, mume na mke kutoka New Brunswick, wamestaafu, wameuza nyumba yao ya pwani wakanunua hilo. Mbwa wao mdogo mweupe, Pitou, alikuwa ameweka miguu dirishani kama ndiye dereva.

"Namba kumi na nne," akasema Bi Ruthanne. Kisha akawageukia wawili wake. "Haya, huyu ni wako Orville. Anayefuata ni wa Verla. Mimi nafuata nyuma na kahawa yangu, naangalia tu."

Kiwanja namba kumi na nne kilikuwa na mandhari kuliko vyote na ardhi mbaya kuliko zote. Mbele, upande wa mashariki, milima. Nyuma, ardhi ilishuka mpaka kwenye korongo kavu. Verla alifuata polepole, begani kaning'iniza kabari zake mbili za mbao zilizofungwa kamba moja. Alitembea nazo kama wengine watembeavyo na mkoba.

"Njoo, njoo, njoo," Orville alimwelekeza Fernand. "Kioo cha mbele kitazame milima. Hapo! Pazuri!"

"Mwalimu," akasema Verla, "ligeuze. Pua ielekee korongoni."

"Ili wakae wanatazama mashimo?"

"Watazame wanachotaka kupitia dirisha la jikoni. Pua chini, matako juu. Kwenye mteremko ndivyo."

"Ukurasa wa tisa unasema elekeza kioo kwenye mandhari, vuta breki ya mkono, bonyeza kitufe, jeki zitafanya zilizobaki." Orville aligonga mfuko wake wa shati. "Huyu bwana ameendesha miaka ishirini, Bi Verla."

"Ameendesha, ndiyo. Aliyekuwa chini ya gari ulimwuliza?"

"Verla," Bi Ruthanne akapaza sauti, "kila mtu na mgeni wake. Mwache."

Verla akasogea pembeni. Fernand akabonyeza kitufe. Jeki nne zikashuka kutoka tumboni mwa gari, zikagusa changarawe, zikaanza kusukuma. Nyuma ndiko kulikokuwa chini, kwa hiyo nyuma ndiko kulikoinuliwa. Upana wa kidole kimoja. Viganja viwili. Verla aliinama akatazama, akaona mwanga wa jua umepita chini ya tairi za nyuma, zote.

Breki ya mkono ya gari lile inashika tairi za nyuma tu. Tairi za nyuma zilikuwa hewani. Tani kumi zilikuwa zimesimama mteremkoni juu ya vijiti vinne vya chuma, na tairi za mbele ziko huru kama za toroli.

Aliweza kuliacha. Likianguka, jina la Marlin lingeanguka nalo mbele ya kambi nzima, na wazo hilo lilikuwa tamu, Verla hakujidanganya. Lakini nyuma ya gari, upande wa korongo, Solange alikuwa amepiga magoti anafunga mpira wa maji kwenye bomba, anaimba kidogo, na Pitou yuko mbele ananusanusa changarawe.

Verla hakupiga kelele. Mtu akipigiwa kelele husimama palepale aulize kuna nini.

"Mama Solange! Mbwa wako ameokota kitu, njoo upesi umtoe mdomoni!"

"Pitou! Tena?" Solange akainuka akakimbilia mbele, akipangusa mikono kwenye suruali.

Verla tayari alikuwa amezigawa kabari. Moja akaipiga teke nyuma ya tairi la mbele la kushoto, akazunguka, akaikandamiza ya pili kwa kisigino nyuma ya la kulia. Kisha akasimama dirishani kwa dereva.

"Bwana Gaudet, injini iache ivume. Weka mguu kwenye breki, ukanyage kama unamkanyaga nyoka. Mkono wako usiguse kitufe mpaka niseme."

"Kwani kuna tatizo?"

"Lipo. Kanyaga kwanza, utaliogopa baadaye."

Fernand akakanyaga. Gari likalia, likateleza nyuma upana wa kiganja, kabari zikaumana na changarawe, likasimama. Kahawa ya Bi Ruthanne ilimwagika yote kwenye viatu vyake.

"Sasa rudisha jeki za nyuma, gari lishuke. Za nyuma tu. Polepole, kama unamlaza mtoto." Verla alilala kifudifudi, shavu kwenye changarawe. "Bado... bado... Tairi zimegusa. Endelea, zibebe uzito. Sasa za mbele. Haya. Pumua, baba."

Fernand alishuka. Solange alikuwa amemkumbatia mbwa, ambaye hakuwa na kitu mdomoni, na macho yake yalikuwa kwenye mpira wa maji, pale nyuma ya gari alipokuwa amepiga magoti. Ameshaelewa. Alimshika Verla mkono na hakuuachia.

Orville alikuwa ametoa kitabu, anafunua, anarudi, anafunua.

"Hakuna kabari humu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimekisoma mara nne. Hakuna neno kabari. Mtu aliyejua mambo yote haya, kwa nini hakuandika kabari?"

"Kwa sababu hakuwahi kuziona," Verla akasema, akijipangusa vumbi. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mwalimu. Yeye alikuwa kitini. Mimi nje. Kabla hajabonyeza kitufe, kabari zilikuwa zimeshakaa. Na kiwanja nilichagua mimi, pua chini kila mara, akilalamika kwamba haoni milima. Nilichomwambia alikiandika. Nilichofanya kwa mikono hakuniuliza, nami sikudhani kinahitaji kusemwa."

"Nilichomwambia?" Orville akarudia. Akatazama picha juu ya jalada, kisha uso wa Verla. "Ile ya tairi na bwana harusi?"

"Yangu."

"Bakuli la maji?"

"Liko kwangu, halijaoshwa."

Bi Ruthanne aliwafikia, viatu vikichuruzika. Alivua fulana ya rangi ya chungwa ya mpokea wageni, iliyokuwa ya Delbert, aliyokuwa akiivaa tangu mzee aondoke, akamtupia Verla.

"Jumamosi ni chapati tu," akasema. "Hamia leo."

Verla akaivaa. Ilimpwaya mabegani, na hakujali. Kwanza akamwelekeza Fernand kugeuza gari, pua chini, kabari mbele ya tairi za nyuma, jeki za mbele zikainua pua mpaka gari likatulia kama meza. Solange akafungua dirisha la jikoni, akasema milima inaonekana vizuri tu.

Kisha Verla akaenda ofisini. Kwenye rafu kulikuwa na vitabu saba vya buluu vinavyongoja wanunuzi. Alikichukua cha kwanza, akahesabu kurasa kwa kidole, akachana wa tisa. Orville aliyemfuata alijikunja kama aliyepigwa.

"Bi Verla, kitabu! Tungeandika pembeni kwa kalamu. Mwandiko wangu ni mzuri."

"Najua. Utaniandikia ubao wa langoni, kwa herufi kubwa. Pua chini, kabari kwanza. Na chini yake uweke jina langu, Verla tu, maana Haugsdal ni la Marlin. Lakini humu kitabuni mwake sitamrekebishia kitu. Lete chako."

Orville akasita. Kisha akakitoa mfukoni, akakifungua ukurasa wa tisa yeye mwenyewe, akafumba macho, akauchana.

"Umeniharibia bidhaa za duka, Verla!" Bi Ruthanne akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Nimezifanyia matengenezo," akasema Verla, akakivuta cha tatu.