Njia za Fundi wa Vitanda

Baba aliletwa nyumbani juu ya kitanda cha watu. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda, yaani kuvifunga kamba upya vinapolegea. Kila asubuhi alitoka na furushi la kamba za katani begani, akazunguka mji akipiga hodi nyumba hata nyumba. Siku ile alitoka kama siku zote, na mchana wanaume wanne wa Igogo wakamrudisha amelala juu ya kitanda alichokuwa ametoka kukikaza. Walisema alimaliza kazi, akakaa juu yake kukijaribu kama ilivyokuwa desturi yake, akaomba maji ya kunywa. Maji yalipoletwa alikuwa hayahitaji tena.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mwaka uleule uliokuja kwisha na uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mtoto pekee aliyebaki kwa wazazi wangu. Tulizika jioni ileile. Hitima ikasomwa, wageni wakatawanyika, na kitanda kikabaki uani kimeegemezwa ukutani. Hakuna aliyetaka kukilalia, wala aliyetaka kukigusa. Mwishowe nikaambiwa nikirudishe kwa mwenyewe.

Nilikitia kichwani, miguu yake ikaning'inia pande zote, nikainama kwa uzito. Nilichoweza kuona ni ardhi hatua chache mbele yangu. Nilivuka daraja la Mirongo, nikapita nyuma ya maghala ya pamba, nikapanda Igogo katikati ya mawe. Njiani nilisikia sauti zikisema, "Pole, kijana, pole sana," lakini sikuona uso wa mtu na hakuna aliyeuona wangu. Katika wiki nzima ya msiba, ile ndiyo saa pekee niliyojisikia vizuri.

Watu husimulia uchungu wa kufiwa. Mimi sikuuona. Niliungoja makaburini, nikaungoja wakati wa kisomo, haukuja. Nilikuwa nimekufa ganzi, na kilichoniudhi hasa ni watu kunitazama usoni wakitafuta machozi ambayo sikuwa nayo.

Mwenye kitanda alikuwa mama mtu mzima, mke wa mvuvi, wenyeji wa upande wa Mara. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisaidia kukitua.

"Baba yako alikuwa mtu wa maneno," akasema. "Anawamba, anaongea. Siku nyingine nacheka mpaka ugali unaungua. Nyumbani mlikuwa mnalala kweli nyie?"

Baba niliyemjua mimi alirudi jioni, akanawa, akala, akasema Alhamdulillahi, akalala. Kama alikuwa na maneno, basi aliyamaliza huko huko.

Niliporudi nilimweleza mama. Alikuwa chumbani, amevaa nguo zake nyeupe za eda. Kwa desturi yetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki wala hajipambi. Mama alisikiliza habari ya maneno na ugali ulioungua, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

"Kumbe," akasema. "Kwangu alikuwa anafika ameishiwa." Halafu akauliza, "Huko Igogo kukoje?"

Nikamwambia kuna mawe na nyumba.

"Mawe na nyumba! Hata hapa kuna mawe na nyumba."

Mama alizaliwa Tabora na aliletwa Mwanza akiwa bibi harusi. Mji wake ulikuwa nyumba yetu, sokoni, na nyumba za majirani kunapokuwa na shughuli. Mitaa aliyoizunguka mumewe hakuwahi kuikanyaga. "Miaka yote nimekula chakula kilichotoka huko," aliniambia, "na sikujui. Nionyeshe alikokuwa anapita."

Kulikuwa na sababu ya kuharakisha. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa ameshasema mbele ya watu siku ya hitima kwamba eda ikiisha atakuja kumchukua dada yake ampeleke Tabora kwa ndugu zake. Mama hakukubali wala hakukataa. Alisema ataona. Mimi nilitaka abaki. Nililitaka jambo hilo kuliko lolote, lakini kulisema kulinishinda. Nikaona nikimwonyesha mji, mji utanisemea.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la picha la Mhindi mmoja, kule mitaa ya maduka. Yeye alipiga picha, mimi nilizisafisha kwenye chumba cha giza. Nilimwomba tajiri wangu kamera ya zamani, ile ya sanduku, na filamu zilizopitwa na wakati ambazo angezitupa. Alinipa bila kinyongo. Aliponiona nimesafisha picha za kwanza alizishika karibu na taa, akazigeuza, akazigeuza tena.

"Hii picha ya nani?"

"Ya njia."

"Njia imekwambia ipigwe?" Akacheka peke yake, akanirudishia. "Ngoja ikuletee nguo zake nzuri."

Basi kila Jumapili, duka likifungwa, nilitembea. Sikujua njia za baba, na ili kuzijua ingebidi niulize watu, na kuuliza watu ndiko nilikokukimbia. Lakini Mwanza ya wakati ule kila nyumba ilikuwa ikitoa vitanda nje kuvianika juani na kuvimwagia maji ya moto kwa ajili ya kunguni. Nami mkono wa baba niliujua. Mafundi wengine walimalizia kamba kwa fundo miguuni pa kitanda. Yeye aliirudisha kamba ndani, akaipitisha chini ya misuko mitatu, akaificha, fundo lisionekane wala lisimchome mtu kisigino. Kitanda chetu nyumbani kilikuwa hivyo. Nikawa nafuata vitanda. Nikikiona cha mkono wake kimeegemea ukuta, najua alipita hapo, natazama kingine kilipo, nasogea.

Vitanda vilinipeleka nisikokutarajia. Vilinipeleka Mabatini, vikanipeleka Kirumba mpaka ufukweni kunakoanikwa dagaa, vikanipandisha Isamilo kwenye vibanda vya wapishi nyuma ya nyumba za Wazungu. Jumapili moja vilinifikisha Butimba, na nyingine nilipanda boti hadi Kamanga, nikakuta kimoja nje ya mgahawa wa chai, kimechakaa, lakini miguuni hakina fundo. Sikujua kama baba alivuka ziwa. Nilisimama pale na kamera tumboni, nikakitazama. Mwenye mgahawa alinikaribisha chai, nikasema nimeshakunywa.

Kupiga kwenyewe kulikuwa hivi. Nasimama, nashika kamera usawa wa kitovu, natazama kwenye kioo chake kidogo, na nangoja. Mwanamke na ndoo yake, namngoja apite. Wazee wawili wanapiga soga barazani, nangoja waingie kuswali. Watoto ndio waliosumbua. Walijipanga mbele yangu wamenyoosha mikono kando kama askari, na nikakataa kupiga mpaka wakachoka na kuondoka wakinizomea. Mtu akionekana ndani ya kioo, lazima atanijua mimi ni mtoto wa nani, na akinijua atasema pole. Njia ikibaki tupu, ndipo navuta kile kichuma cha kupigia. Nilijiambia picha hutoka safi zaidi namna hiyo.

Jumatatu usiku nilikuwa nampelekea mama picha zikiwa bado zina unyevu. Alizipanga juu ya mkeka moja moja, kufuata njia. Mwanzoni alifurahi. "Hiki cha baba yako," alisema, kidole juu ya kitanda kidogo kuliko ukucha. "Na hiki. Hiki siyo, hiki cha mtu mvivu." Alijifunza mji kwa haraka iliyonishangaza. Akawa ananiuliza, "Ukitoka kwenye lile jiwe refu, si unatokea kwenye kibanda cha kinyozi?" Nami nilikuwa nakubali, moyo wangu ukisema atabaki, huyu atabaki.

Katika picha moja ya Mabatini nilikosea. Kwenye mlango wa nyumba ulikuwa umebaki mguu, kisigino cha mwanamke anayeingia ndani. Sikukiona nilipopiga. Mama alikiona kabla ya kitanda.

"Huyu nani?"

"Sijui, mama."

"Amevaa kandambili za ngozi. Ni mtu mzima, kisigino kimepasuka." Aliikazia macho ile picha. "Pengine huyu naye alikuwa anacheka ugali unaungua."

Picha ile aliiweka chini ya mto. Zingine alizifunga kwa kitambaa na kuziweka sandukuni. Nililiona hilo, na sikulifikiria.

Siku nyingine aliuliza, bila kuinua uso, "Vitanda vipo. Wa kuvilalia wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Walikuwa wamepita."

Akazikusanya picha.

Vuli ikaja, na uhuru nao ukaja. Dukani hatukupumua. Watu walitaka picha wakiwa na bendera, na vitambaa vipya, na baiskeli za kuazima. Nilisafisha nyuso mpaka vidole vikawa vyeupe kwa dawa. Mji mzima ulikuwa na furaha, nami niliipita katikati ile furaha bila kuigusa. Sijivunii, sijuti, ndivyo nilivyokuwa.

Asubuhi ya uhuru wenyewe mama aliniita dirishani. Barabara ya nyuma ya nyumba yetu ilikuwa inaanza kujaa, ngoma zikitoka upande wa Mabatini, akina mama wakipiga vigelegele. Dirisha lilikuwa na pazia na yeye alikuwa na eda, akasimama pembeni ya pazia bila kulifungua.

"Nenda," akasema. "Leo mji wote uko njiani, na wateja wa baba yako wote wamo humo. Niletee nione."

Nilikwenda. Nilisimama kwenye kona, juu ya jiwe, na walipita. Sijawahi kuona watu wengi kiasi kile Mwanza. Walipita wavuvi wamebeba makasia, walipita walimu, walipita wanawake kwa vikundi wamevaa kanga za namna moja. Yule mama wa Igogo aliniona, akapunga mkono, akaita, "Mtoto wa fundi! Njoo!" Kamera ilikuwa mikononi. Kwenye kioo chake walikuwamo wote, wadogo, wamepinduliwa kushoto na kulia. Nikangoja. Walichukua muda mrefu sana kwisha. Vumbi lilipotulia barabara ilikuwa na majani ya migomba yaliyodondoka kwenye mapambo, kandambili moja, na mbwa. Mbwa naye alipoondoka, nikavuta.

Nilimpelekea mama picha ile kesho yake. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hii ni lini?"

"Jana."

"Jana niliwasikia mimi. Ukuta ulikuwa unatikisika." Aliitazama, akanitazama. "Hata jana?"

Akafungua sanduku, akatoa picha zote, akazipanga mkekani kutoka ukuta mpaka ukuta. Igogo, Mirongo, Kirumba, Butimba, hadi Kamanga. Ulikuwa mji mzima, na kweli hapakuwa na mtu. Sikuwa nimeziona zote pamoja. Nilisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaogopa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Wakiniona wananipa pole."

"Na ukipewa?"

Jibu zuri sina mpaka leo.

"Miezi hii yote," mama akasema polepole, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, "nimekaa hapa nikitafuta mtu mmoja niseme, nikitoka nitaanza na huyu. Nimepata kisigino. Nikibaki Mwanza, mwanangu, nitabaki na wewe. Na wewe humu ndani hupo, na huko njiani hupo."

Nilitaka kumwambia abaki. Nikainama nikaanza kuokota picha.

Mjomba alifika eda ilipoisha, mwanzoni mwa mwaka. Mama alioga, akavaa kanga mpya, akaaga majirani mlango kwa mlango. Kabla ya stesheni aliniambia nimpeleke Igogo. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele. Kwenye kona hakuniuliza hata mara moja. Aligeuka penye jiwe refu, akageuka penye kibanda cha kinyozi. Kila aliyekutana naye alimsalimu, akasimama, akapokea pole yake yote mpaka ikaisha, akauliza, "Kwako aliwamba vitanda vingapi?" Njia niliyozoea kuimaliza upesi ilituchukua asubuhi nzima. Kwa mama wa Igogo walikaa juu ya kile kitanda wawili, wakalia, wakacheka. Mimi nilisimama uani nikawapa kisogo.

Stesheni mjomba alikuwa ameshapandisha mizigo. Nilikuwa na kamera, na filamu ilikuwa na nafasi moja. Nilirudi nyuma kidogo, nikamtafuta mama kwenye kioo. Alikuwamo, katikati, mdogo, kanga yake begani, ananitazama.

"Mama, simama hapo hapo."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la utani, lile la zamani.

"Siyo hivyo unavyopiga," akasema. "Ngoja kwanza nipite."

Kidole kilikuwa juu ya kichuma. Ningeweza kuvuta, ilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Nikangoja, naye akapita.