Ndoo ya Somoe

Juzi, shuleni kwa mjukuu wangu, nilimwona mwalimu amewaketisha watoto waliogombana ili wasemezane, bila fimbo. Nikakumbuka alasiri ile nilipoipiga teke ndoo ya Somoe, mwenzangu darasani, na maji aliyoyapandisha kutoka bondeni yakanywewa na mchanga.

Mwalimu wetu alichukua ndoo mbili, akaniambia, “Twende.” Nilidhani anakwenda kukata fimbo mbichi. Tulishuka katikati ya harufu ya mabibo, tukapanda na maji kichwani, yeye akihema kuliko mimi.

“Hodi, Mama Somoe,” akasema mlangoni. “Tumekuja kuomba radhi.”

Tumekuja! Mwalimu mzima!

Somoe akaichungulia ndoo yangu, akacheka. “Yako imefika nusu, mvivu wee!”

Aibu ile iliniuma kuliko viboko vyovyote. Nami, niliyeyaona hayo, niliwalea wanangu kwa kuwachapa.