Mume Wangu Kwenye Foleni ya Chakula

Kabla ya gesi tulikaa bara, upande wa Wamakua, kwenye nyumba za kampuni ya reli. Mume wangu alikuwa fundi wa mabehewa karakanani. King'ora kikilia asubuhi, mtaa mzima unaamka. Kikilia jioni, wanawake tunaonja mchuzi. Watoto wetu walizaliwa pale, na hakuna aliyeunguza wali jirani wasijue.

Kazi ilipopungua, mafundi wakapunguzwa, na nyumba tukairudisha kwa wenyewe. Tukarejea kwetu Palma, wakati huo kila mtu anazungumzia gesi. Mume wangu akapata kazi Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, karakana ya kutengeneza matingatinga, akawa analala hukohuko ndani ya uzio. Mimi nilibaki kwa dada yangu na watoto, mpaka niliposikia jiko la kambi linataka wapishi. Nikamwachia dada watoto, nikaenda. Nilijua sasa tutaishi pamoja.

Wapi! Vyumba vya wanaume upande huu, vya wanawake upande ule, na mlinzi katikati. Tulikuwa tunaonana kwenye foleni ya chakula tu. Nikimwona anakuja na ovaroli lake la grisi, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye kichwa cha samaki.

Mchana mmoja shefe wetu wa jikoni, mama mmoja wa Maputo, akasimama nyuma yangu.

"Mama, huyu bwana kila siku anapata kichwa cha samaki. Mna nini nyinyi wawili?"

"Tuna watoto wanne," nikamjibu.

Mafundi kwenye foleni wakaangua kicheko. Shefe akamgeukia mume wangu, akidhani namfanyia mzaha.

"Ni mke wangu, shefe," akasema, sahani mkononi. "Na leo chumvi imezidi."

Hapo akaamini. Alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaenda mwenyewe kuzungumza na mkubwa wa karakana. Tangu hapo tukapewa mapumziko siku ileile sote wawili, Ijumaa. Tulikuwa tunatoka getini pamoja, tunadandia lori la mchanga hadi Palma, watoto wanatungoja barazani kwa dada.

Mume wangu hakutaka tena kusikia habari za nyumba ya kampuni. Tulinunua kiwanja kidogo, mbali na vumbi la malori. Ijumaa moja akachora vyumba mchangani kwa kijiti, akaniuliza jiko nalitaka upande gani.

"Upande wa upepo, unaotazama njia," nikamwambia, "nisikie na watu wakipita."