Meli ya Makopo ya Tomati

Rafiki yangu, wewe uliyekulia na sisi Koekelberg, huku ugenini, utanielewa. Jumamosi iliyopita nilishuka kave, ile stoo ya chini ya jengo letu la zamani, kutoa vitu vya Maman. Anahamia kwangu. Nyuma ya masanduku nikaikuta: meli ya bati ndefu kama meza ya kulia, mabomba matano ya moshi, milingoti sita, gurudumu la kupiga maji kila ubavu. Nilikaa kwenye ngazi.

Papa aliitengeneza nilipokuwa na miaka kumi. Kule Bukavu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kwenye karakana ya mashua za ziwani. Hapa alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, Jette. Siku moja akaazima maktaba kitabu chenye michoro ya Great Eastern, ile meli kubwa ya chuma ya Waingereza wa zamani za mvuke. Basi, akashikwa. Majirani wakaombwa wasitupe makopo ya tomati. Jikoni harufu ya risasi ya kulehemu ikashindana na ya sombe, kisamvu chetu, na kazi yangu ikawa kusugua makopo kwa mchanga hadi yang'ae. Nilikwenda shuleni vidole vinaniwasha, lakini weee, nilijiona mhandisi.

Alinionyesha kwenye mchoro: meli ile ilikuwa na ngozi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na tumbo lake limegawanywa kwa kuta, chumba baada ya chumba. Siku moja iligonga mwamba, ngozi ya nje ikachanika vibaya, na bado ikafikisha watu wake salama. "Muntu alikaa akafikiria," Papa alikuwa akisema, anarudia kama sala. "Alikaa chini akafikiria."

Maman hakuiangalia hata mara moja. Dada yake, mama mdogo wangu nisiyewahi kumwona, alifia ziwani Kivu. Mashua iligonga jiwe, ikajaa maji mara moja, ikazama naye. Ndiyo maana kwetu hatukula sambaza, vile visamaki ambavyo nyumba nzima ya majirani ilinukia kila Jumapili. Maman hakutaka kuweka mdomoni kitu kilichotoka mule. Na mashua ile ilikuwa imetengenezwa kwenye karakana ya Papa. Hilo hakuna aliyeniambia. Nililijua kwa jinsi wakubwa walivyonyamaza nikiingia.

Sasa fikiria hofu yangu Papa aliposema, mezani, kwamba Jumapili baada ya misa tunaenda bwawani Jette, wote watatu. "Nataka uone kitu," alimwambia Maman. Maman alipiga pasi blauzi ileile mara tatu. Kwenye tramu Papa alipakata meli, na jirani yetu wa chini, aliyejialika kwa umbea wake, alikaa kimya njia nzima. Yule maman hata akiwa na mafua hanyamazi! Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Papa aliishusha majini kwa ubavu, kama ile yenyewe ilivyoshushwa mtoni kwa sababu ya urefu wake. Ikaelea. Watoto wakapiga makofi. Kisha akaivuta kwa kamba, akailaza majanini, akanipa nyundo na msumari.

"Toboa hapa mbele. Mabati yote mbili."

Nililia. Makopo yale niliyasugua mimi!

"Toboa, mutoto wangu."

Nikatoboa, akairudisha majini. Maji yakaanza kuingia, tukayasikia. Pua ikainama kidogo, ikainama tena, na Maman ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, macho hayapepesi. Nilikuwa naomba isizame, naomba kwa meno yaliyokazwa. Chumba kimoja kikajaa. Meli ikasimama hapo, imeinamia mbele, haiendi chini.

Papa akageuka, uso wa mtu aliyefaulu mtihani. "Umeona? Na kuta, wangefika."

Maman hakuitoa macho meli. "Donc, kumbe ulijua."

Uso wa Papa ukasawijika. "Nilijua. Patron, mwenye karakana, alisema kuta zitakula nafasi ya magunia."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Sikumujibu kitu. Nilichomea."

Hakupiga kelele, Maman. Alisema tu, "Hilo tundu usilizibe. Usiliguse," akatangulia kwenye tramu. Miezi mingi alimwekea Papa sahani mezani bila kumwita. Nilimchukia Papa, halafu nilimhurumia, halafu nikamchukia tena, na meli ikapelekwa kave.

Papa ametutoka miaka mitatu sasa. Jirani wa umbea alihamia Liège, na tomati siku hizi nanunua za katoni. Hakuna tena anayenuka risasi jikoni. Jumamosi ile, pale kwenye ngazi, nilipitisha kidole mbele ya meli kutafuta tundu langu. Halikuwepo. Palikuwa na donge la risasi, limemwagika ovyo kama uji. Papa angeona haya kwa kazi kama ile.

Nikapanda nayo mikononi. Maman alikuwa anafunga vikombe kwenye magazeti.

"Maman, nani aliziba?"

Alimaliza kwanza kufunga kikombe alichoshika.

"Mwaka ule wa mwisho mikono ya papa yako ilikuwa inatetemeka," alisema. "Yeye alinishikia meli. Mimi nilichomea."