Tulianzisha kanisa Temeke enzi za Mwingereza: watu kumi na saba, vyeo kumi na sita

Wakuu, nianze kwa kusema marahaba, maana sidhani kama humu ndani yupo wa kunizidi umri. Nimeshavuka tisini. Nachapa mwenyewe, na makosa ya herufi mkiyaona mjue ni ya simu, siyo yangu.

Ninayoyaandika nimeyafanya kwa mikono yangu na mengi yananiaibisha. Atakayesema ni chai aniletee na sukari kabisa.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mwanangu wa kiume. Mstaafu, ana wajukuu, mvi kichwa kizima. Juzi katoka kwake Kiwalani na bahasha ya karatasi tupu, anataka kuanzisha kanisa. Ananiomba nimwandikie katiba kwa kuwa nilikuwaga karani.

Nikamwambia akae chini kwanza. Nilichomsimulia ndicho hiki.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anapandisha bendera yake kila asubuhi. Mimi kijana kutoka Bara, karani wa kupiga chapa kwenye ghala moja bandarini. Nilipanga vyumba viwili Temeke kwa Bi Mwajuma, Mzaramo wa pale pale, Mwislamu wa swala tano. Alikuwa na uwanja mkubwa nyuma ya nyumba na mdomo mkubwa kuliko uwanja.

Mke wangu aliitwa Tabitha.

Mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa na wiki tatu, hajabatizwa. Mchungaji wa misheni tuliyokuwa tunasali akasema asiyebatizwa hazikwi na kanisa wala hapigiwi kengele. Tukamzika wenyewe. Walionisaidia kuchimba ni majirani wa Kiislamu, wala hawakuuliza swali. Tabitha aliililia ile kengele miezi na miezi. Alikuwa akiisikia Jumapili anaacha alichoshika, anakaa chini.

Kwa hiyo alipozaliwa wa pili, ambaye ndiye huyu mstaafu wangu, Tabitha alikuwa na ombi moja tu duniani: abatizwe mapema.

Nikaenda kwa mchungaji. Akafungua kitabu cha kanuni, akaweka kidole kwenye mstari. Tabitha ameonekana kwenye ngoma.

Ni kweli. Bi Mwajuma alikuwa anamtoa mwali mjukuu wake, na Tabitha, mpangaji wake, alisaidia kupika, akateka maji, akavutwa uwanjani, akacheza. Basi katengwa, na mtoto wake habatizwi mpaka mama asimame mbele ya usharika mzima atubu.

"Nitubu nini?" Tabitha akaniuliza. "Mie nimeuguzwa na Bi Mwajuma, nimezalishwa na Bi Mwajuma. Siku ya furaha yake nijifungie ndani?"

Sijawahi kumpenda kama siku hiyo. Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto, nikasema maneno ambayo kila mwanzilishi wa kanisa huyasema: tunatoka, tunaanzisha letu!

Nikampata Elieza, mpishi wa Mzungu mmoja kule Oyster Bay. Elieza tulimfanya Askofu kwa sababu alikuwa na joho. Bwana wake alikuwa jaji, akampa joho lake jeusi lililochakaa alitumie kama atakavyo. Elieza alilivaa mbele yetu, akageuka taratibu, na hapo hapo uchaguzi ukaisha.

Akaja Samweli, mtu wa reli, mwenye sauti. Akasema hawezi kuwa chini ya mpishi. Tukampa Naibu Askofu Mkuu, cheo ambacho hadi leo sijui kinakaa juu au chini ya Askofu. Naye hakujua, ndiyo maana alikubali.

Mimi nikawa Katibu Mkuu. Nilijichagua.

Wakaja wengine, wote wamekorofishana na misheni kwa jambo hili au lile. Wakuu, hakuna aliyetaka kuwa muumini. Kila mmoja alikaa mkeka ukiwa bado unakunjuliwa akauliza, "Mie mmeniweka wapi?" Ukimwambia wewe ni memba tu, anasema basi anarudi misheni, kule nako hana cheo ila kuna mabenchi. Tukatoa vyeo. Mkuu wa Kwaya, Naibu Mkuu wa Kwaya, Mshika Ufunguo. Mlango wenyewe hatukuwa nao, tulisali kwenye banda la makuti uwanjani kwa Bi Mwajuma.

Tukafika watu kumi na saba. Vyeo kumi na sita.

Aliyebaki ni Tabitha. Tulimpa Mama Mlezi Mkuu, akakataa. "Nina mtoto mgongoni na maji kichwani. Hicho cheo nitakibebea wapi?"

Bi Mwajuma alitupa uwanja bure. Sharti lake lilikuwa kwamba ngoma zake zisihamishwe na sisi tusiimbe kuku wakishaingia bandani. "Nyie watu wa Bara," alisema, "mnagombana na kitabu, halafu mnaondoka nacho kwapani."

Nilicheka. Sikujua ananisema mimi.

Zamani hizo huwezi kuamka tu ukaweka spika barabarani kama sasa. Ilibidi uandikishwe kwa Bwana Shauri, yaani DC. Nikaenda na shati langu jeupe. Karani wa pale, kijana mwenzangu, akasoma orodha yetu ya viongozi polepole, akageuza karatasi kutafuta upande wa pili.

"Viongozi kumi na sita. Na memba?"

"Mmoja."

"Ndiye nani?"

"Mke wangu."

Aliandika. Uso wake haukutikisika, ila kalamu ilitikisika. Akasema tulete katiba, nakala tatu.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu, na nisikilizeni vizuri hasa nyie mnaosoma haraka.

Sikuwa na katiba. Nilichokuwa nacho ni kile kitabu cha kanuni cha misheni, nakala yangu tangu nilipobarikiwa kipaimara. Nikakipeleka ghalani, kila saa ya chakula nikawa nakipiga chapa. Vifungu thelathini na kimoja. Nikabadilisha jina la kanisa kila lilipotokea, basi. Sikukosea herufi hata moja.

Karani wa kupiga chapa hasomi. Anatazama herufi. Bwana mkubwa wangu alinisifu miaka yote kwa jambo hilo, na mimi nikaliona ni kipaji.

Tukatia saini wote kumi na sita. Elieza aliibusu ile karatasi. Hakuna aliyeisoma.

Mnauliza mtoto je? Mtoto tulikuwa hatujambatiza! Kanisa lilianzishwa kwa ajili yake, na anatambaa, anaota meno, hajabatizwa. Samweli alitaka azamishwe mwili mzima. Elieza alitaka anyunyiziwe, kwa sababu joho likilowa linamvuta chini. Walibishana Jumapili saba. Na Katibu Mkuu, baba mzazi, alikuwa anasema tusubiri kwanza kibali cha Serikali, tusije tukafanya jambo lisilo rasmi.

Kila Jumapili Tabitha alimvalisha mtoto gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Kila Jumapili akamvua. Ikabidi alitanue pande zote mbili kwa sababu mtoto alikuwa anakua.

Kisha Bi Mwajuma akamtoa mwali mjukuu wa pili.

Ngoma Jumamosi, uwanja ule ule. Tabitha akapika, akateka maji, akaitwa, akacheza. Na mimi nilikuwa mlangoni nimesimama napiga makofi, naomba niliseme hilo.

Jumapili baada ya ibada Samweli akasimama na katiba mkononi. Ndiye mtu wa kwanza kuisoma, na aliisoma akitafuta kitu cha kumshinda nacho Elieza kuhusu kuzamisha. Badala yake akakutana na Kifungu cha Kumi na Nne.

Akakisoma kwa ile sauti. Mkristo yeyote atakayeonekana kwenye ngoma za kienyeji atatengwa, na watoto wake hawatabatizwa mpaka atakapotubu mbele ya usharika.



Nilikitambua. Maneno yale yale ya mchungaji, ila safari hii yana jina la kanisa letu na chapa yangu safi.

Mngetegemea niinuke niseme lile dude tulichane. Wakuu, sikuinuka. Nilikuwa Katibu Mkuu. Samweli akauliza kama katiba ni halali au siyo halali, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kwamba ni halali, kwa sababu ilikuwa haina kosa hata moja. Viongozi kumi na watano wakanyoosha mikono. Mimi nikaandika idadi.

Jumatatu nikapiga barua ghalani. "YAH: KUTENGWA KWAKO." Nakala faili. Jioni nikaikabidhi kwa mke wangu akiwa anapepeta mchele.

Akaisoma yote. Akauliza, "Hii ni mashine yako?"

Nikasema ndiyo.

Akaiweka chini ya ungo, akaendelea kupepeta. Usiku huo alihamia upande wa Bi Mwajuma na mtoto wake. Mimi nikabaki na vyumba viwili na mhuri wa kanisa.

Jumatano saa ya chakula nilirudi nyumbani nikakuta watu uwanjani. Mtoto kashikwa na degedege. Macho yamegeuka, mwili umekaza. Mpwa wa Bi Mwajuma kaenda kutafuta gari la kumfikisha hospitali, na gari Temeke ya wakati ule lilikuwa jambo la kubahatisha.

Tabitha hakunilaumu. Alinishika shati tu. "Mlete Elieza abatize. Usinifanyie tena kama yule wa kwanza."

Nikakimbia. Elieza siku hiyo alikuwa mapumzikoni, nikamkuta amekaa na fulana. Akasikitika sana. Akasema joho liko kwa dobi. Nikamwambia abatize na fulana! Akasema Askofu na fulana haiwezekani, na pia kuna kile kifungu, yeye peke yake hana mamlaka, lazima Naibu akubali.

Nikakimbia kwa Samweli. Samweli akaniambia kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwamba ikipatikana barua ya toba yenye saini ya mama, yeye anakuja mara moja.

Na mimi nikakaa. Mtoto wangu anakufa, nikakaa kwenye meza ya Samweli nikaomba kalamu. Nikaandika tarehe juu kulia. Nikaandika "Yah:" nikapiga mstari chini yake. Nilipigia rula.

Miaka yote hii nikishika rula naiona ile meza.

Nikarudi mbio na karatasi mkononi, Tabitha atie saini. Nikamkuta Bi Mwajuma amekaa kwenye kizingiti, mtoto mapajani, kichwa cha mtoto kimelowa. Kata ya maji iko pembeni.

"Mkeo kamaliza," akaniambia.

Tabitha alikuwa amechota maji mtungini. Akamwambia Bi Mwajuma amshike mtoto, na yule mama wa swala tano akamshika bila kuuliza. Akammiminia mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akamtaja jina. Ndani ya misheni tulifundishwa wote kwamba kwenye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Nililisoma hilo, nililipiga chapa pia. Kifungu cha tisa.

Tabitha akaitazama karatasi yangu. "Na hiyo ni nini?"

Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Niliona aibu ambayo hata sasa ninayo.

Gari likapatikana, mtoto akafika hospitali, akapona. Ndiye huyu anayenisumbua na katiba.

Jumapili iliyofuata baraza likaitishwa kujadili kama ubatizo ule ni halali, kwa kuwa aliyebatiza ametengwa, ni mwanamke, na hana nafasi yoyote katika uongozi. Elieza alikuja na joho, limenyooshwa vizuri. Samweli alikuja na katiba.

Safari hii niliinuka. Sikuhutubia. Nilifungua daftari la ubatizo, jipya, halijawahi kuandikwa kitu, nikaandika jina la mtoto. Mbatizaji: Tabitha, mama yake. Cheo: hana.

Nikagonga mhuri. Samweli alipiga kelele mpaka Bi Mwajuma akatoka kuuliza nani kafa. Mimi nikachukua daftari nikaingia ndani.

Ndani ya mwezi kanisa likagawanyika mara tatu, kila Askofu na Naibu wake. Kibali cha Serikali kilikuja wiki moja baada ya banda kuanguka.

Tabitha alirudi vyumbani, lakini siyo siku hiyo, na siyo kwa sababu niliomba vizuri. Alifariki miaka mingi baadaye, tulishapokewa tena misheni. Kengele ilipigwa. Nilisimama nje nikaihesabu.

Funzo nililolipata, kwa anayetaka kuanzisha kanisa: kabla ya kutafuta Askofu tafuta muumini, na kabla ya kunakili kitabu cha uliyemkimbia, kisome.

Juzi nilimpa mwanangu lile daftari. Limeandikwa mstari mmoja, kurasa nyingine zote tupu. Alilisoma, akapangusa miwani. Nikajua limemwingia.

Akasema, "Baba, nimeelewa kabisa. Basi sitajiita Askofu."

Nikamwambia asante mwanangu.

"Nitaanza na Mtume tu."

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Mtakaotukana mnitukane mimi, yeye mumwache. Bado anatafuta waumini, na mpaka jana alikuwa keshapata Manaibu Mitume wanne.